Jedwali la Baba Lililofika Mia Mbili

Baba,

Usishangae kuona mwandiko wangu. Miaka yote uliyokaa Ulaya, Mama ndiye aliyekuandikia barua, mimi nikitia "salamu kwa Baba" chini kabisa, mahali pasipobaki nafasi ya neno lingine. Sasa nakuandikia kurasa nzima na wewe huwezi kujibu. Labda afadhali hivyo, maana nina jambo la kukiri, na ungekuwa hai ungenikatiza kwa kunihurumia.

Nilikuita mwongo. Si moyoni tu, Baba. Nilisimama kwenye baraza ya chifu hapa Garsen, mbele ya watu wale wale waliokuzika, nikasema daftari lako si la kuaminiwa. Waliniamini kwa sababu mimi ni mwalimu wa hesabu, na zaidi kwa sababu mimi ni mwanao. Nani angedhani binti atamsingizia baba yake aliye kaburini?

Ngoja nikueleze tangu mwanzo. Mengi yamepita, nami sijui kama huko mliko mnaletewa habari.

Ulituacha mto uko chini, mchanga unaonekana. Miezi michache baadaye ikaja mvua waliyoiita El Nino. Tana ikafurika, barabara ya Hola ikakatika, ya Malindi ikakatika, sisi wa Garsen tukabaki kisiwani. Maji yalipoanza kushuka, mifugo ikaanza kufa. Mbuzi na kondoo wakaharibu mimba, ng'ombe wakatoka damu puani. Mzee Galgalo, rafiki yako Muorma uliyekuwa ukinywa naye chai kibarazani, alibaki na ng'ombe wa kuhesabika kwa vidole. Madaktari wa mifugo walifika wakasema ni homa inayoenezwa na mbu. Lakini mtu aliyepoteza zizi zima hataki kusikia habari ya mbu. Mbu tumekuwa nao siku zote. Anatafuta kitu kipya cha kulaumu, na kitu kipya kilikuwapo, nacho ni tofali zako.

Unakumbuka ulipokaribia kustaafu, kila ndugu alikutumia ombi lake, huyu redio, huyu viatu. Baba mdogo Buya, mvuvi wa Ozi, yeye aliomba risasi tu, yale madini mazito, ayayeyushe apate chubwi za kuzamishia nyavu. Nawe ukamletea tofali nne za risasi kutoka maabara yenu ya huko Ulaya, zile za kukingia mionzi, ndani ya sanduku lililokuja kwa meli hadi Mombasa. Makuli wawili walijaribu kulinyanyua wakakaa chini kulitazama. Baba mdogo aliziyeyusha kwenye sufuria kuukuu, akafunga chubwi zake, akavua misimu kadhaa, na watu wakala samaki wake bila neno.

Kisha wewe ukafa kwa ugonjwa wa damu ambao hospitali haikuupa jina la kueleweka. Na kila mtu anajua ulifanya kazi ya atomu. Basi watu wakaunga moja na moja. Risasi imetoka kwenye atomu, imezamishwa mtoni, mto umefurika, maji yamefika malishoni, ng'ombe wamekufa. Ukisikia mara ya kwanza unacheka. Ukisikia mara ya kumi, tena kwa mtu unayemheshimu, unaanza kuosha samaki mara mbili. Mama alianza kusugua sufuria kwa jivu kila akipika samaki wa Baba mdogo. Hakusema kwa nini, nami sikumuuliza.

Nikwambie kweli, mimi nilishuku kabla yao. Hiyo ndiyo tabia yangu, unaijua. Shuleni wenzangu huniita CID, maana namtambua mtoto anayenakili kwa kutazama mabega yake tu. Na wewe, Baba, ulikuwa na mabega hayo. Mtu akae mbali na watoto wake miaka kumi na minane, arudi na sanduku la madaftari, halafu asiseme alichokuwa akifanya? Nilisema moyoni, huyu ana jambo.

Lakini hukuwa umenyamaza. Ni mimi niliyekuwa sisikilizi. Jioni ulikuwa ukiniita, "Hawa, njoo nikuonyeshe hesabu moja nzuri," nami nikijibu kwamba nina vitabu vya kusahihisha. Mara nyingi sikuwa navyo.

Kitu kimoja tu cha kazi yako nilikisikia, na hukuwa ukinieleza mimi. Ulikuwa ukimweleza Mzee Galgalo, mimi niko ndani nachuja chai. Ulimwambia kwamba atomu nzito kama ya urani ina kiini, na kiini hicho kikiingiwa na chembe ndogo iitwayo nyutroni, hupasuka. Vipande vinavyotoka si vya namna moja, vingine vizito, vingine vyepesi. Kazi yenu ilikuwa kujua ni vipande gani vinatoka na kila aina ni vingapi. Mnachukua urani iliyobanwa ikawa nyembamba kama ganda la kitunguu, mnaiweka mbele ya nyutroni, kisha mnaipeleka kwenye chombo cha kupima mionzi. Kila aina ya kipande hutoa mionzi yake, haifanani na ya mwenzake. Galgalo akakwambia, "Kama kengele ya ng'ombe. Mimi hapana ona ng'ombe, nasikia kengele tu, najua hii ni gani." Ulifurahi mpaka ukamwaga chai. Mimi nikaona ni wazee wawili wanapeana moyo.

Maneno ya tofali yalipozidi, chifu aliitisha baraza. Watu walitaka chubwi za Baba mdogo zitolewe mtoni. Mama akaleta daftari lako kubwa, akafungua ukurasa ulioandika kwa Kiswahili kwamba tofali zote nne ulizipima mionzi kwa siku tatu kabla ya kuzifunga, na hukuona kitu ndani yake. Watu wakanong'onezana. Anayezisafisha tofali si ndiye mwenyewe aliyezileta? Ndipo Mzee Galgalo akasimama, akanitazama mimi.

"Mwalimu," alisema, "mimi hapana jua kusoma. Wewe kaa na hii kitabu ya baba yako wiki moja, halafu kuja sema hapa. Ni ya kweli ama ya urongo?"

Leo naelewa kwamba alikuwa anakutafutia wakili. Siku ile nilisikia tu kwamba nimepewa kesi.

Nikakaa na daftari. Nikafika kwenye lile jedwali lako la kurasa nne. Safu moja ni uzito wa kipande. Safu ya pili inasema, katika kila atomu mia zilizopasuka, vipande vya uzito huo vilikuwa vingapi. Ulizopima mwenyewe umeziandika kwa wino mwekundu, ulizochukua kwa wenzako kwa wino wa buluu. Nyingi ni ndogo mno, sifuri nukta sifuri na kitu. Chache zinafika sita. Nikafanya analofanya mwalimu yeyote wa hesabu akiona safu ya asilimia. Nikajumlisha.

Nilitegemea mia. Nikapata mia mbili kasoro kidogo. Nikarudia kwa kikokotoo cha shule, namba moja moja, kidole kwenye mstari. Mia mbili kasoro kidogo.

Asilimia za kitu kizima hazipiti mia, Baba. Mtoto wa Kidato cha Kwanza akiniletea jibu hilo namrudishia kitabu bila kusoma mstari wa pili. Nikasema, kumbe. Kumbe huyu mtu amekaa huko miaka yote akitunga namba na hakuna aliyewahi kuzijumlisha. Na unajua nilihisi nini? Nilifurahi. Naona haya kuliandika neno hili, lakini ndilo. Tangu utotoni nilikuwa nangoja nikukute na kosa linalolingana na hasira yangu, na sasa nilikuwa nimelipata, tena kwa mwandiko wako.

Wiki ilipotimia nikasimama nikasema, "Jedwali la Baba linafika asilimia mia mbili. Mtu anayeandika hivi, siwezi kumwamini anapoandika kwamba hakuona kitu." Nilisema kwa sauti ya darasani. Nyuma mtu mmoja akasema, "Njia ya mwongo ni fupi," na watu wakaitikia. Mzee Galgalo hakuitikia. Alichukua fimbo yake akaondoka kabla baraza haijafungwa. Mama hakuniangalia njia nzima mpaka nyumbani.

Nyavu za Baba mdogo zilichukuliwa wiki ile ile, zikazikwa shimoni nje ya mashamba ya Ozi, chubwi na kila kitu. Yeye hakupigana. Alimtuma mtu aniletee maneno mafupi: "Mwambieni Hawa, mimi hesabu siyui. Ndugu yangu namyua." Mvuvi yule akaenda kupanda mpunga kwenye shamba la shemeji yake. Mama akaacha kabisa kula samaki, akaacha na kukutaja. Nyumba nzima ikatulia, nami nikajiambia huo ndio utulivu wa ukweli.

Lakini mtu wa kushuku hatosheki na mshukiwa mmoja. Kama ulikuwa mwongo, nilitaka kujua nani alikufundisha, na walikupa nini kikakuharibu damu. Nyuma ya daftari nilikuta anwani ya yule mama uliyefanya naye kazi, Bi Helga. Nikamwandikia barua chungu. Nilimuuliza mlimfanya nini baba yangu, na vipi maabara nzima haijui kujumlisha.

Jibu lilichukua miezi. Nililipokea posta nikiwa nimesimama, nikalifungua kwa ukali. Alinipa pole kwanza, ukurasa mzima, nikauruka. Kisha akaandika jambo ambalo lingeweza kuenea kwenye kiganja. Atomu ikipasuka, alisema, hutoka vipande viwili. Atomu mia zikipasuka hutoka vipande mia mbili. Jedwali la mavuno ya mpasuko, yaani la vipande vinavyotoka, likijumlisha mia, hapo ndipo aliyeliandika wa kufukuzwa kazi.

Akaendelea: "Baba yako aliniambia hutaniamini. Alisema binti yake angefaa kazi hii kuliko sisi sote, maana haamini kitu mpaka akihesabu mwenyewe. Basi usiniamini. Likate jedwali katikati, pale namba zinapokuwa ndogo kabisa, ujumlishe kila upande peke yake."

Hata hapo sikuamini, Baba. Nilifikiri anakulinda. Nilikwenda ofisi ya walimu wakati wa mchana, wenzangu wanakula, nikaweka rula kwenye uzito wa mia na kumi na saba. Nikajumlisha vipande vyepesi. Mia. Nikajumlisha vizito. Mia. Kila upande unapungukiwa na kidogo tu, kwa zile ndogo sana ulizoziacha wazi na kuandika pembeni "sina hakika". Mwongo haachi pengo akaandika hana hakika. Mwongo angejaza.

Nikaugeukia ukurasa wa tofali, ambao sikuwa nimeuhesabu hata mara moja, nilikuwa nimeuhukumu tu. Umeandika hesabu za chombo kikiwa kitupu na hesabu za chombo kikiwa na tofali, siku kwa siku. Zinalingana. Bi Helga alieleza kwamba ile ni risasi ya zamani, huchaguliwa makusudi kwa kuwa haina mionzi yake, la sivyo ingeharibu vipimo. Kwa hiyo katika vitu vyote vilivyokuwa mtoni mwaka ule, kile tulichokizika pengine ndicho kilichopimwa kuliko vyote. Nililia pale mezani, mbele ya mwalimu wa Jiografia na sahani yake ya maharagwe. Akadhani nimepata msiba mpya.

Nilimwendea chifu nikaomba baraza ya pili. Hakupenda. Hata watu walipokutana niliona wamekaa upande upande. Mmoja akasema, "Juzi alisema vile, leo anasema hivi, kesho je?" Mimi ndiye niliyewafundisha kutilia shaka. Nikaeleza vipande viwili. Nikaeleza mia na mia. Nikaandika ubaoni. Nilikuwa najieleza vibaya kama mwanafunzi aliyekaririshwa.

Mzee Galgalo akanyanyua fimbo. "Ng'ombe mia," akasema. "Kila moja pasua katikati. Vipande ngapi? Mia mbili." Akanielekezea fimbo. "Sasa hii ndiyo ilishinda wewe, mwalimu?"

Watu wakacheka, nami nikaacha wacheke. Nilistahili zaidi ya hapo. Lakini yeye hakucheka, akaongeza swali: "Na baba yako alikufa na nini?"

Ningeweza kusema homa, au uzee, au amri ya Mungu, na baraza ingefungwa salama. Bi Helga aliandika kwamba mlivaa vibandiko vya kupima mionzi mnayopata, na vyako vilisoma kidogo sikuzote. Niliwaambia hivyo. Kisha nikawaambia kwamba vibandiko hivyo vilisomwa na wale wale waliowaajiri, kwa hiyo sina hakika navyo. "Risasi nimeihesabu, ni safi," nikasema. "Kilichomuua Baba sikijui, Mzee."

Akakaa chini. "Sasa naamini wewe," akasema. Na hapo ndipo niliona vichwa vinaanza kukubali, kimoja baada ya kingine. Hesabu yangu yote haikuwafikisha pale. Nikakumbuka "sina hakika" zako pembeni mwa jedwali, nikaelewa kwa nini hukuzionea haya.

Lililobaki lilikuwa Baba mdogo. Hakuja kwenye baraza. Nilishuka Ozi mwenyewe, nikamkuta ukingoni mwa mpunga, nikampigia magoti hapo hapo kwenye tope. Hakuniinua. Aliingia ndani akarudi na jembe, akanipa.

"Ulozika ni wewe," alisema. "Fukua."

Nikafukua, Baba. Watu walisimama kunitazama na hakuna aliyenisaidia, nami sikutaka wanisaidie. Nyavu zilikuwa zimeoza, zikatoka kama majani ya chai. Chubwi zilikuwa nzima zote. Nilizitoa moja moja kwa mikono, nikazisuuza mtoni hadharani, na kila iliyosafika Baba mdogo akaipokea. Ilipofika ya mwisho akaniuliza kama ukurasa ule wa tofali una jina lake. Nikamwambia ndiyo. Umeandika "tofali za Buya". Akaniomba nilirudie. Nikalirudia mara tatu, na mara ya tatu akageuka upande wa mto.

Sasa amepata nyavu mpya. Kamba za chubwi nilizifunga mimi chini ya macho yake, naye akazifungua akafunga upya, akisema mafundo ya mwalimu yanateleza. Wiki iliyopita alileta kambare wawili. Mama aliwapika kwa nazi, akasafisha sufuria kwa maji matupu, akala. Alipomaliza akakutaja, akasema ungelalamika kwamba chumvi ni nyingi. Mzee Galgalo alipita akakaribishwa, akasema yeye samaki hali, hajawahi kula, na tusimtie hilo kwenye kesi.

Damu yako, Baba, bado naishuku. Nawashuku walioisoma mionzi yako, nawashuku waliokutibu, na siku nyingine nakushuku wewe, kwamba ulijua ukatuficha. Sitajifanya nimepona tabia. Nimeshaandika barua nyingine kwa Bi Helga, naomba namba za vibandiko vyako zote, mwaka kwa mwaka. Zikija nitazihesabu kwanza. Nikishindwa kuzielewa nitasema sijaelewa, na jina la mtu sitalitamka mbele ya watu mpaka nielewe. Hiyo ndiyo ahadi yangu, na nakuahidi wewe kwa sababu ni wewe niliyekukosea.

Siku ya maziko yako waliuliza watu wanakushuhudia vipi, wakajibu kwamba ulikuwa mtu mwema. Mimi nilikuwa ndani na wanawake, sikujibu. Kisha nikatoa ushahidi wangu mwenyewe, nao ulikuwa wa uongo. Naamini umelala nao huko muda wote huu. Mwenyezi Mungu akupe kauli thabiti, Baba, na ukiulizwa mwanao anasemaje, waambie amerudi mbele ya watu wale wale, akahesabu upya, na hesabu yako ni sahihi.

Mwanao,
Hawa